Rimoti Iko kwa Nani? Vidokezo 12 vya Kuchagua Vipindi vya Watoto

Saa 11 jioni. Mzazi mmoja yuko kwenye foleni ya Mbezi, mwingine anamenya viazi, na sebuleni mtu mwenye umri wa miaka 5 ndiye mkurugenzi wa vipindi. Anabonyeza anavyotaka. Akikosa, analia. Akipata, nyumba inatulia. Unajua mwenyewe.

Tusidanganyane: runinga inatusaidia. Bila ile nusu saa ya katuni, kuna nyumba ambazo chakula cha usiku kingeiva usiku wa manane. Kwa hiyo hakuna anayekuambia hapa uiuze. Kinachotakiwa ni uamue mapema nini kinaangaliwa, usisubiri mpaka jambo limeshaonekana ndipo uruke kutoka jikoni na mwiko mkononi. Haihitaji shahada ya saikolojia, na mengi kati ya haya unaweza kuyaanza leo kabla ugali haujaiva. Twende!

1. Katuni ndiyo, lakini ya watoto nani kasema?

Tuanze na mtego unaotunasa wengi. Mtoto anasema, “Mama, ni katuni tu,” nasi tunarudi kwenye simu zetu kwa amani. Sasa, kuchorwa ni namna ya kutengeneza picha, hakusemi chochote kuhusu umri wa mtazamaji. The Simpsons na Family Guy ni katuni, na utani wake umeandikwa kwa watu wazima: pombe, kejeli, mambo ya chumbani. Mwaka 2016 ilitoka filamu inaitwa Sausage Party. Wahusika wake ni soseji na mikate yenye macho na tabasamu, wanapendeza kweli! Huko Marekani iliwekewa alama ya R, yaani mwenye umri chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kwa kuangalia bango peke yake, ungemkatia mtoto tiketi na kumnunulia bisi juu.

Kuna na upande wa pili. Squid Game ya Korea Kusini, iliyoingia Netflix mwaka 2021, si katuni, lakini imejaa gololi, kuvuta kamba, mdoli mkubwa na ngazi za rangi ya waridi. Ukipita sebuleni haraka utadhani ni shindano la watoto. Ukikaa dakika mbili utagundua kwamba anayeshindwa anapigwa risasi.

Ujanja wa haraka: acha kuuliza “ni katuni?” Uliza, “Huyu mhusika mkuu ana shida gani?” Kama shida yake ni kupoteza kiatu, kugombana na mdogo wake au kuogopa kwenda shule, mko mahali pazuri. Kama shida yake ni ndoa, deni au kisasi, hiyo ni ya kwako, iangalie wamelala.

2. Soma kale kanamba ka kwenye kona

Wanaokiweka kipindi hewani wanakuwekea na alama, na sisi tunaipita kama haipo. Kenya, bodi ya kuainisha filamu inatumia madaraja manne: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, halafu 16 na 18, ambazo hazihitaji mkalimani. Kwenye chaneli nyingi za kulipia utaona namba imefuatana na herufi: V ni vurugu, L ni lugha chafu, S ni ngono, N ni utupu, H ni vitisho, D ni dawa za kulevya. Ziandike kwenye kipande cha karatasi, zibandike kwa selotepu mgongoni mwa rimoti. Ndiyo, mgongoni mwa rimoti. Pale hutazisahau.

PG ndiyo inayotuponza zaidi, kwa sababu tunaisoma kama ruhusa. Inasema mzazi akae pale. Kuwa kwako chumba cha pili unapiga pasi hakuhesabiki.

Kenya pia kuna kanuni inayovitaka vituo virushe vipindi vya kufaa familia nzima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Inasaidia. Lakini Netflix na YouTube hazina saa 4 usiku. Huko ni usiku na mchana kwa pamoja. Kwa filamu na vipindi vya nje, ingia tovuti ya Common Sense Media, andika jina, utaambiwa kinafaa mtoto wa miaka mingapi na kwa nini. IMDb nayo ina sehemu ya mwongozo kwa wazazi, imeorodhesha mpaka idadi ya matusi (kuna watu wana muda!). Za kwetu, muvi za Bongo na nyingi za Nollywood, mara nyingi hutazikuta huko. Kwa hizo nenda kidokezo cha 3.

3. Onja mara tatu

Mpishi hanywi sufuria nzima ili ajue chumvi, na wewe huna saa mbili za kuikagua filamu. Angalia dakika tatu mwanzoni, tatu katikati, na tatu karibu na mwisho. Usiruke ile ya mwisho, maana huko ndiko watunzi huwa wamehifadhi vita, vilio na mazimwi. Dakika tisa, umemaliza.

Ukiwa unaonja, tega macho kwa mambo matatu. Mtu akiumizwa, kuna anayejali au watu wanacheka na maisha yanaendelea? Anayechekwa ni nani: mnene, mweusi, maskini, mlemavu? Na mtoto wa kwenye kipindi anaongeaje na mama yake? Hili la tatu wazazi wengi hulisahau, kisha wanashangaa binti wa darasa la pili anawageuzia macho na kusema “Whatever!” katikati ya chakula.

Angalizo moja la nyumbani kwetu. Filamu inaweza isiwe na risasi hata moja, isiwe na busu, wala tusi, lakini kuna bibi kizee anageuka nyoka mlangoni mwa mkwewe. Mtu mzima unacheka kwa sababu unaona yule nyoka ni wa plastiki. Mtoto wa miaka 6 haoni plastiki. Usiku huo hatakwenda chooni peke yake, na anaweza kuanza kumwangalia vibaya bibi yake mzaa mama, ambaye hana kosa lolote. Filamu za uchawi na majini ziwe na umri wake, hata kama majirani wote wanaziangalia na watoto mapajani.

4. Sikilizia jikoni

Hiki hakikugharimu hata dakika. Ongeza sauti kidogo, endelea kukatakata vitunguu, sikiliza. Unasikia mazungumzo, au ni mayowe, milipuko na muziki wa kukimbizana tu? Watu wanaitana majina au wanatukanana? Baada ya siku chache utakuwa umeshajua kila kipindi kina tabia gani bila kuinua kichwa. Na kimya kikizidi, nenda ukaangalie. Kimya cha watoto kina mambo yake.

5. Angalia mwendo wa picha

Kuna vipindi visivyo na ubaya wowote wa maadili, ila vinakwenda mbio kupita kichwa cha mtoto mdogo. Mwaka 2011, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwagawa watoto 60 wa miaka 4: wengine wakaangalia SpongeBob kwa dakika 9, wengine kipindi cha mwendo wa taratibu, wengine wakapewa kalamu za rangi wachore. Mara baada ya hapo wakawapa vijaribio vya kusubiri, kukumbuka na kufuata maelekezo. Kundi la SpongeBob likafanya vibaya kuliko wenzao. Kituo kinachorusha kipindi hicho kikajitetea kwamba kimetengenezwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 11. Na kwa maoni yangu hapo ndipo penyewe: kipindi si kibaya, kimeangaliwa na mtu asiye wake.

Pima hivi: hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Kama picha imebadilika kabla hujafika tano, tena na tena na tena, kihifadhi mpaka mtoto akue kidogo. Na kwa vyovyote kisiwe cha mwisho kabla ya kulala au kabla ya kazi za shule, labda kama unapenda kurudia “kaa chini” mara ishirini.

6. Hesabu vipindi, achana na dakika

Mwambie mtoto wa miaka 4 “zima baada ya dakika ishirini” uone. Dakika kwake ni nini? Ila vitatu anavijua. Kipindi kimoja cha Peppa Pig ni kama dakika 5, cha Bluey ni kama 7. “Leo Bluey watatu, halafu tunazima” ni sheria anayoweza kuihesabu kwa vidole, na tena inaishia mahali hadithi imekwisha. Kilio kikubwa huja pale tunapozima katikati. Hata wewe ungenuna.

Sasa siri yenyewe: mpe yeye rimoti aizime. Mwenye kubonyeza ndiye mkubwa, na watoto wanapenda ukubwa.

Kama unataka kipimo cha jumla, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: chini ya miaka 2, kioo hapana, miaka 2 hadi 4, kisizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo heri. Mkipitisha siku moja ya mvua, maisha yanaendelea. Kesho mnarudi kwenye mstari.

7. Na cha kwako nacho kinahesabika, mzazi mwenzangu

Hapa sasa tuongee vizuri, maana tumewakagua watoto wa watu vya kutosha.

Mtoto ana orodha yake safi ya katuni. Saa 2 usiku inafika, baba anaweka taarifa ya habari. Ikiisha, mama anaweka tamthilia. Mtoto yuko palepale kwenye zulia na gari lake la plastiki, na sisi tunasema, “Haangalii huyo, anacheza.” Haya. Mwulize kesho yake nani alimpiga nani kofi.

Uwe shabiki wa Jua Kali, wa Huba, au wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, hakuna anayekunyang'anya. Umefanya kazi siku nzima, mapumziko ni haki yako. Ila tamthilia ni ya usaliti, sumu kwenye chai na mirathi, na mtoto mdogo hafuati kisa, anafuata sura na sauti. Anachoondoka nacho ni kwamba watu wakubwa wakikasirika wanapiga makelele. Karibu kila tamthilia ina marudio mchana au mwisho wa wiki. Hamishia hapo, au sogeza saa ya kulala nyuma kidogo ili wimbo wa kufungulia ukute watoto wako kitandani. Utagundua na jambo jingine: unasikia mazungumzo yote bila mtu kuuliza, “Mama, yule kaka kwa nini anamfungia yule dada mlango?”

Habari nazo. Mtoto mdogo akiona basi lililopinduka likirudiwa mara tatu katika taarifa moja, anaweza kudhani ni mabasi matatu. Kwa walio chini ya miaka 7, muhtasari wa redio wakati wa kunawa mikono unatosha kabisa. Mkubwa akiwepo, kaa naye, mwambie ni wapi, ni mbali kiasi gani, na nani amekwenda kusaidia.

Mpira? Simba na Yanga ni urithi wa familia, sithubutu kuugusa. Shida iko kwenye mapumziko: dakika 15 za matangazo ya kubeti na bia, yakiongozwa na watu anaowapenda. Watoe watoto nje wakapigiane penalti. Wakirudi kipindi cha pili wamechoka vizuri, nawe umepata nafasi ya kwenda kuangalia ubwabwa.

Na muziki: video ya Bongo Fleva ijaribu mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti uangalie. Mara ya pili fumba macho usikilize. Kama mojawapo imekufanya uangalie mlangoni kuona nani anakuja, umeshapata jibu.

Kitu cha mwisho hapa: kama hakuna anayeangalia, zima. Watafiti wameona kwamba runinga ikiongea peke yake pembeni, watoto wadogo hucheza kwa vipandevipande, na wazazi huongea nao kidogo zaidi. Hata bili ya umeme itakushukuru.

8. YouTube usiiache iamue yenyewe

Ukimpa mtoto simu ikiwa kwenye video ya kuhesabu ndizi, usidhani utakuta ndizi ukirudi. Video ikiisha, mtambo unachagua inayofuata, kisha nyingine, na baada ya nusu saa mtoto yuko mahali ambapo si yeye wala wewe mlipapanga. Mwaka 2017 liliibuka sakata kubwa: video zilizotumia sura za Elsa, Spider-Man na Peppa Pig, zikiwa na rangi zote za kuvutia watoto, lakini ndani kuna sindano, damu na upuuzi usioelezeka. YouTube ilifuta chaneli nyingi. Mzazi aliyekuwa anaangalia picha ya nje tu asingejua.

Fanya mambo manne, yote kwa pamoja hayamalizi kikombe cha chai. Kwanza, zima kitufe cha kucheza kiotomatiki. Pili, weka YouTube Kids na uingie sehemu ya mzazi: unaweza kuzima utafutaji, au kuchagua mwenyewe chaneli zinazoruhusiwa, nyingine zote zikabaki nje. Tatu, pitia historia kila Ijumaa, maana kwa kuisoma utajua vizuri zaidi mtoto anapenda nini kuliko kwa kumhoji. Nne, na hiki ndicho ninachokipenda mimi: pakua vipindi vichache ukiwa kwenye Wi-Fi, halafu weka simu kwenye hali ya ndege kabla hujampa. Hakuna video ya kushtukiza, hakuna matangazo, hakuna meseji ya bosi inayosomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la kwanza. Na bando lako liko salama. Unataka nini tena?

Huku nyuma usisahau namba ya siri ya kisimbuzi. Kama hujawahi kuibadilisha, huenda bado ni 1234 au 0000, ambayo ni mtaala wa chekechea. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa pia. Wanaujua, walikuimbia juzi.

9. Dada, bibi na kibanda cha mtaani

Sheria nzuri kabisa inaweza kufa saa 2 asubuhi, ukishafunga geti. Anayebaki na rimoti siku nzima ni dada wa kazi, na mara nyingi hakuna aliyemwambia chochote, anategemewa ajue tu. Kaa naye kwa heshima, mwandikie: “Dada, vipindi vya watoto ni hivi vinne. Vikiisha, zima. Wakilia, sema mama ndiye kasema.” Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Unamkinga. Yeye anabaki kuwa rafiki, mbaya ni wewe ambaye uko kazini hata hivyo. Na umpangie saa yake ya kuangalia anachopenda watoto wakiwa wamelala, la sivyo ataiangalia wakiwa macho, na atakuwa na sababu.

Bibi ni somo jingine. Kwa bibi huendi na masharti, hasa kama ni mama mkwe. Unakwenda na flashi. “Shikamoo mama. Wajukuu zako wamekuletea vipindi vyao, wanataka wakuonyeshe.” Chomeka kwenye TV, umeondoka. Ile filamu yake ya majini ataiangalia akipenda baadaye, na heshima ya kila mtu iko palepale.

Halafu kuna vibanda umiza. Kwa sarafu moja mtoto anakaa kwenye benchi na kuangalia muvi za mapigano zilizotafsiriwa, zenye mtangazaji anayenogesha kila ngumi. Watafsiri hao ni wasanii hasa, Kenya DJ Afro ana mashabiki wasiohesabika, ila ukumbi ule haukagui umri wa mtu. Kupiga marufuku tu hakusaidii. Atakwenda, na hatakusimulia. Mwenye kibanda kwa kawaida ni mtu wa mtaa wenu, ana jina na ana mama. Mpitie, msalimie, mwulize ratiba ya mchana wa Jumamosi. Ukiweza, Jumamosi hiyo waite watoto wa majirani kwako, weka filamu uliyoionja, kaanga mihogo. Utapata sifa mtaani ambayo hata pesa hainunui.

10. Toa kabla hujanyima

“Zima hicho!” bila mbadala ni mwaliko wa vita. Uwe na vitatu vinne mkononi, na vizuri baadhi viwe vya kwetu. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza mwaka 2014 na inafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Onyo, utajikuta unaimba kuhusu sehemu ndani ya daladala. Wadogo zaidi wana Akili and Me: Akili ana miaka 4, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia Lala Land kukutana na marafiki zake wanyama. Vyote vina matoleo ya Kiswahili, na kwa ndugu zetu wa Muscat, London au Minneapolis wanaohangaika mtoto asisahau lugha ya bibi, dakika kumi za Akili zinafanya kazi kuliko mahubiri. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichorwa Nairobi kwa mtindo wa picha alizoanzisha Edward Saidi Tingatinga, na kila kipindi kinajibu swali ambalo mtoto wako ameshakuuliza: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lililovunjika.

Usiogope kipindi kugusa mambo mazito, mradi kimeyagusa kwa umri wake. Takalani Sesame ya Afrika Kusini ilimwingiza mwaka 2002 mhusika Kami, mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI, na watoto wa chekechea wakamwelewa vizuri tu.

11. Likitokea la kutokea, usipige yowe

Hata mkaguzi hodari hukutwa. Mmekaa wote, shemeji yupo, ghafla watu kwenye kioo wanaanza kuvuana mashati. Ukiruka na kufunika TV kwa kanga, umemhakikishia mtoto kwamba pale kuna kitu cha kutafutwa baadaye. Badilisha chaneli kwa utulivu, sema moja tu: “Hiyo ni ya watu wakubwa.” Baadaye mkiwa wawili, mwulize ameona nini na ameelewaje. Sikiliza kwanza. Mara nyingi alichokiona yeye si kile ulichokiogopa wewe. Huenda alikuwa anashangaa kwa nini wale watu hawavui viatu wakipanda kitandani.

12. Mkubwa ajitetee mwenyewe

Kuanzia miaka 9 au 10, “hapana” peke yake inaishiwa nguvu. Jaribu mahakama ya sebuleni. Anayetaka kipindi kipya alete kesi: kinahusu nini, kina alama gani, na kwa nini anakitaka zaidi ya “wote darasani wanaangalia”. Wewe unaonja, unatoa hukumu na sababu yake. Atashindwa baadhi, atashinda baadhi, na polepole atajifunza kusoma zile alama mwenyewe, siku ambayo atakuwa kwa rafiki yake na wewe haupo.

Kesi ninayoisikia kila nyumba yenye wavulana, na siku hizi hata wasichana, ni ya mieleka. WWE Marekani iliwekwa kwenye kundi la PG mwaka 2008, na wenyewe wanatangaza kila mara kwamba usijaribu nyumbani. Mtoto hasikii tangazo hilo. Mwaka 1963 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Stanford, aliwaonyesha watoto wa chekechea filamu ya mtu mzima akilipiga dude la puto, kisha akawaacha chumbani na dude hilo. Walilipiga kwa mitindo ileile, wengine hata kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo hukumu yangu kwa mieleka ni hii: chini ya miaka 8, rufaa imekataliwa. Juu ya hapo, pambano moja kwa wiki, mzazi akiwepo, na mdogo wake haruhusiwi kuwa mpinzani. Kochi lisogezwe mbali na meza ya kioo kabla kengele haijalia.